Msuko Usiofumuka

Jumamosi ya kwanza baada ya arobaini ya mkewe, Ishengoma alikaa kwenye benchi la dripu nje ya kiwanda cha Nyakaigabo, mkono wa kushoto ameunyoosha juu ya kimto cha plastiki, akajinusa.

Hakukusudia. Nzi alikuwa ametua kiwikoni mwake, na mkono wa kulia ulikuwa umeshika pamba, basi akainama ampulize. Chini ya harufu ya spiriti akakutana na harufu nyingine, ya maganda ya ndizi mbichi yaliyoungulia jikoni. Akabaki ameinama vilevile, nzi ameshaondoka. Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya tangi namba tisa, na tangi namba tisa, kwa miezi yote kumi na minne ambayo amelinusa kila asubuhi, aliambiwa ni la dawa ya ng'ombe.

Kunusa ndiyo ilikuwa kazi yake. Kiwanda kilikuwa na mitambo ya kupima joto, ya kupima uchachu, ya kupima mambo ambayo hata majina yake hakuyaweza, lakini mitambo ile ilisema hamira imekufa wakati imeshakufa. Ishengoma alisema siku moja kabla. Alikuwa amepika rubisi miaka thelathini, na mtu aliyekanyaga ndizi miaka thelathini haambiwi na mashine kwamba pombe imeanza kununa.

Akamgeukia jirani yake wa benchi, Ma Byera, muuza senene, mjane kama yeye.

"Ma Byera, naomba mkono wako."

"Ta Ishengoma!" Mama yule akajivuta. "Arobaini ya mwenzio imeisha juzi tu, leo unaomba mkono?"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Nataka kuunusa."

"Wenzako huanza na salamu, wewe unaanza na kunusa kama paka. Haya, nusa. Ila usije ukalalamika, asubuhi nimeparua samaki."

Akanusa. Samaki walikuwepo, na spiriti, na jasho, na ile harufu ya donge la mandazi ambayo kila mtu wa Nyakaigabo alikuwa nayo siku ya dripu, harufu ya matangi manane ya nyuzi, dawa ya Legelege, ule ugonjwa wa kulegea viungo. Maganda yaliyoungua hayakuwemo.

Akasimama na chupa yake mkononi, akaanza kulipita benchi. Huyu akamnyooshea mkono kwa utani, yule akamwambia mzee msiba umekupanda kichwani, wengine wakamwonea huruma wakatulia. Mikono saba yote ilinukia donge. Mwisho wa benchi, kwenye kiti chenye mgongo, alikaa Afisa Tarafa. Ishengoma akamwamkia, akampa mkono, akainama zaidi ya heshima inavyotaka. Maganda ya ndizi yakampiga puani.

Ndipo akamkumbuka Kemilembe. Miezi mitano alimwosha mwenyewe, akamlisha, akamgeuza kitandani, uso wake umelala shingoni mwa mkewe kila siku. Alikuwa ananukia donge. Hata siku moja hakunukia maganda.

Akachomoa sindano, akaacha damu imchirizike, akaingia kiwandani.

*

Mkurugenzi wa kiwanda, Dokta Kalokola, alikuwa mdogo wa Kemilembe, tumbo moja. Siku ya mazishi ndiye aliyelia kupita wote. Alilikumbatia jeneza hadi wanaume wanne wakambandua vidole kimoja kimoja.

"Shemeji! Pita, pita ukae," alisema alipomwona mlangoni. "Umeshapata dripu?"

"Nimepata. Ya ng'ombe."

Kalokola akaweka kalamu chini. Alimtazama Ishengoma, akautazama mkono unaovuja damu, kisha akasema taratibu, "Funga mlango. Nani amekuambia?"

"Pua. Mliiajiri, mkasahau kwamba jioni naondoka nayo."

"Kaa, shemeji."

"Sikai. Nieleze kama ulivyonieleza siku ya kwanza, lakini safari hii usiruke kitu. Mimi niliishia darasa la nne. Nieleze pole pole."

Jambo ambalo Ishengoma hakulitarajia, Kalokola akainama akachomoa kamba za viatu vyake, akazilaza mezani.

"Ndani ya ncha ya mshipa wa fahamu," akasema, "kuna vifuko vidogo mno. Kila kifuko kimebeba ujumbe. Vuta pumzi. Fumba jicho. Kaza mkono. Kifuko kina ngozi ya mafuta, na ukuta wa mshipa nao ni ngozi ya mafuta, na ngozi hizi mbili hazishikani hivi hivi, zinasukumana. Sasa, kwenye kifuko umechomoza uzi wa protini. Ukutani zimechomoza nyuzi nyingine. Zikikutana zinajisuka, zinaanzia nchani kuelekea ukutani." Vidole vyake vikaanza kuzisuka kamba. "Kadiri zinavyojisuka ndivyo zinavyokivuta kifuko, hadi ngozi mbili zinakuwa ngozi moja. Tundu linafunguka, ujumbe unamwagika nje, nyama inasikia, mkono unakaza."

"Na Legelege inazikata hizo nyuzi."

"Inazikata. Ile sumu ya vijidudu vilivyokuja na mafuriko inazikata kama wembe. Vifuko vinarundikana ukutani vimejaa ujumbe, na hakuna hata kimoja kinachofunguka. Ndipo tukatengeneza nyuzi zetu, tukazikuza kwenye hamira, nyuzi ambazo sumu haiziwezi."

"Hayo nayajua. Uliporuka ni wapi?"

Kalokola akanyanyua kamba zilizosukwa. "Hapa. Uzi ukishajisuka umeshatumika. Ni lazima ufumuliwe ndipo usukwe tena. Mwili una kifumuo chake, lakini nyuzi tulizotengeneza sisi zinabana kupita kiasi. Kifumuo cha mwili hakizitoshi. Ikabidi tutengeneze kifumuo kingine."

"Tangi namba tisa."

"Ndiyo."

"Na asiyekipata?"

"Anaishi, ila misuko inazidi kujaa. Kwa ambaye hajawahi kukipata ni polepole, miaka miwili, mitatu. Kwa aliyekizoea akanyang'anywa ni haraka zaidi. Kisha..."

"Kisha kope zinakuwa nzito," Ishengoma akamkatiza. "Kisha kijiko kinaanguka. Usinieleze kisha, Kalokola. Kisha nimeibeba mimi mgongoni."

Nje walisikika watu wa benchi wakicheka tena, pengine kwa jambo jingine kabisa.

"Tangi lile linatosha watu mia nne," Kalokola akasema. "Eneo lina watu elfu nne na mia sita. Ikatengenezwa orodha. Madaktari, mafundi wa maji na umeme, polisi, utawala. Nyumba moja nafasi moja, ili isionekane upendeleo. Chupa zote rangi moja, asijue mtu." Akazirudisha kamba mezani. "Kemilembe alikuwemo. Nilimwandika kwa mkono huu. Sheria inataka mtu muhimu, nikaandika kwamba ni mkunga."

"Kemi? Kemi alikuwa hawezi kutazama hata mbuzi akizaa."

"Najua. Halafu tangi likachacha mara mbili mfululizo, watu kumi na tisa wakafa. Nikakufikiria wewe. Ulipokuja tangi likatulia, na wakubwa wakauliza, huyu mzee akianguka itakuwaje? Lazima aingie. Na nyumba yenu ilikuwa na nafasi moja."

"Ukamfuta."

"Nikamfuta."

"Dada yako."

"Wangekufa wote mia nne, shemeji, yeye akiwemo! Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Ishengoma akashika ukingo wa meza. Kwa hiyo Jumamosi zote zile alizomwongoza mkewe kwa mkono hadi kwenye benchi, wakakaa bega kwa bega, wakatundikiwa chupa mbili za rangi moja, yeye alikuwa anakunywa uhai wa Kemi mbele ya macho yake Kemi. Na mwenye kugawa alikuwa anawapungia dirishani.

"Wakubwa nyie," akasema. "Mnashindwa nini kutengeneza matangi mawili?"

"Tumejaribu mara kumi na moja. Tukianzisha la pili, hamira inakufa. Hakuna anayejua kwa nini."



"Mnaikoroga," Ishengoma akasema.

"Nini?"

"Mapanga ya tangi yanazunguka mchana kutwa. Hamira ile ni ya kudeka, jua likiwa kali inataka kulala. Unaifunika, unaiacha, unaikoroga asubuhi na jioni. Zamu yangu mimi huwa nayazima mapanga saa sita, nayawasha saa tisa. Mlidhani siku zangu halichachi kwa sababu ya pua?"

Kalokola alikuwa amesimama. "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema! Sikuwa hata na miezi miwili hapa. Nilimwambia injinia wako. Akanijibu, mzee, wewe nusa, kufikiri tuachie sisi. Nami nikasema potelea mbali, ni ng'ombe wa wakubwa, wacha wafe."

Maneno yalipomtoka ndipo akayasikia. Alikuwa ameyasema siku ile kwa kujiridhisha hasa, akarudi nyumbani akamsimulia Kemilembe, wakacheka wote wawili. Kemi alikuwa bado anateka maji mwenyewe.

Mkurugenzi naye mawazo yake yalikuwa yameshahama. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayepiga hesabu. "Unaweza kukuza matangi mangapi?"

"Kumi. Kumi na mawili. Yatosheleze kila mtu."

"Kwa muda gani?"

"Miezi kumi, nisipocheleweshwa na vikao vyenu."

"Basi nisikilize, shemeji. Ukitoka hapo nje ukasema, watavunja geti leo hii, na kitu cha kwanza watakachokipindua ni tangi lile. Unalijua hilo. Nyamaza, ufanye kazi. Na mwanao Asimwe nitamwingiza kwenye orodha."

Ishengoma akageukia mlango.

"Nimemwona kanisani," Kalokola akasema kwa upole. "Nimeziona kope zake. Hana miezi kumi. Nawe umeziona, ila unajifanya hujaziona."

*

Asimwe, binti yake wa pekee, alifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi iliyo nyuma ya kanisa. Jumatatu asubuhi Ishengoma alisimama dirishani akamtazama. Tumbo lilikuwa la miezi mitano. Aliandika ubaoni hesabu za kuzidisha, chaki ikamponyoka. Akaiokota, akaandika tarakimu mbili, ikamponyoka tena. Darasa likacheka. Naye akacheka nao, akaendelea kufundisha kwa mdomo.

Alipotoka nje wakaenda kusimama kando ya simtangi la maji ya mvua. Baba akamwomba mkono, akaunusa. Donge tupu. Kisha akamweleza yote. Hakuficha chupa, hakuficha orodha, hakuficha hata lile neno alilomjibu injinia.

Asimwe alisikiliza bila kumkatiza. Jicho la kushoto lilikuwa limeshuka nusu.

"Sasa nimekuja kukuuliza," Ishengoma akasema. "Mimi sikuulizwa. Mama yako hakuulizwa. Wewe nakuuliza."

"Akiingia mmoja, anatoka mmoja?"

"Ndiyo."

"Anatoka nani?"

"Hakusema."

Akalishika tumbo kwa mikono miwili. "Basi usimuulize. Nataka, baba."

Ishengoma hakuwa amejiandaa kwa hilo. Njia nzima alikuwa amejipangia namna atakavyombembeleza akubali, namna yeye atakavyokataa huku analia, na namna baba atakavyorudi kwa Kalokola kifua mbele.

"Mama yako angekataa," akasema.

"Mama hayupo. Mimi nipo, na huyu yupo."

"Asimwe, mtu atakufa."

"Usinitazame hivyo. Wewe umekaa mwaka mzima na zaidi ndani ya nafasi ya mtu."

"Sikujua!"

"Mimi najua. Najua, na naitaka." Sauti ilikuwa inaburuzika kidogo, ulimi haumfuati vizuri. "Ulitaka nikuambie nini? Kwamba niko tayari kufa ili wewe usijisikie vibaya?"

Kengele ikalia. Akajifuta uso kwa kiganja, akarudi darasani, na Ishengoma akabaki anatazama simtangi. Waliomdanganya ni shemeji, injinia, Afisa Tarafa, wote waliokaa kwenye viti vyenye mgongo. Hao aliwachukia bila shida. Huyu hakumdanganya, na uchungu ulikuwa mkubwa kuliko wa wale, na hakujua auweke wapi.

*

Kalokola alikuwa ameshaichapisha orodha. Kurasa nane, majina hamsini kila ukurasa. Juu yake aliweka kalamu nyekundu.

"Nitamwandika Asimwe chini pale," akasema. "Lakini anayetoka, safari hii utamfuta wewe. Ile ya kwanza niliifanya peke yangu, shemeji. Sijalala vizuri tangu siku ile. Nawe ujue inavyokuwa."

"Unanifundisha adabu?"

"Nakuonyesha tu. Mlioko chini mnadhani sisi tunafurahia."

Ishengoma akakaa. Alisoma kwa kidole, midomo ikimcheza, jina baada ya jina, na Kalokola akamwachia. Fundi wa pampu ya maji. Mkunga, wa kweli huyu, aliyemzalisha Asimwe. Askari wawili ndugu. Afisa Tarafa, na kidole kikakaa hapo muda mrefu, kwa sababu aliichukia ile shingo yake nene tangu zamani. Lakini Afisa Tarafa alikuwa hajui. Alikuwa anakaa kwenye kiti na kuletewa chupa, kama yeye Ishengoma alivyokuwa anakaa na kuletewa.

Akaendelea hadi ukurasa wa tano, akalikuta jina lake. Akachukua kalamu.

Kalokola akamshika mkono. "Hilo huwezi. Ukianguka wewe katikati ya kazi, matangi yote mapya yanakufa, na elfu nne na mia sita nao. Unadhani sikulifikiria? Tafuta jingine."

"Kwa hiyo hata kufa sina ruhusa."

"Una kazi, shemeji. Ndiyo bei yake."

Ishengoma akautoa mkono wake taratibu. Akarudisha kurasa nyuma, moja, mbili, tatu, nne, hadi ya kwanza. Kidole kikashuka pole pole, kikasimama. Akasoma kwa sauti, kama alivyosomeshwa darasa la nne.

"Namba sita. Dokta Kalokola, mkurugenzi."

Akapiga mstari.

Kalokola akacheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaacha. "Usifanye mchezo. Mimi ndiye naongoza kiwanda hiki."

"Kiongoze. Nani amekukataza? Kemi aliendelea kupika hadi mwezi wa sita tangu afutwe."

"Nitaita walinzi."

"Waite. Wakifika waulize, nani kati yao anajua kunusa."

Mkurugenzi akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Alitembea vibaya, viatu vikimvuka, kwa kuwa tangu Jumamosi hakuwa amevirudishia kamba. "Tumenyonya ziwa moja mimi na yeye," akasema. "Mimi ni ndugu yake, Ishengoma. Mimi si adui yako."

"Sikusema wewe ni adui."

"Basi kwa nini mimi?"

"Kemi alichukua miezi kumi na moja tangu ulipomfuta," Ishengoma akasema. "Mimi nahitaji kumi. Unabaki na mmoja wa ziada. Nikiomba bomba leo, nitaletewa leo. Nikisema mapanga yazimwe, hapatakuwa na injinia wa kuniambia ninuse tu. Ningemfuta yule mkunga, ungeniambia nisubiri kikao cha robo mwaka. Nakujua. Nawajua nyote."

Kalokola alikaa kitini. Hakulia, na ukimya wake ulikuwa wa kweli kuliko kilio chake chote cha makaburini. Baada ya muda akauvuta ukurasa wa mwisho, akaandika jina la Asimwe, herufi kwa herufi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Bomba la inchi ngapi?"

"Mbili. Na maturubai ya kufunikia, mazito."

Ishengoma alikuwa amengoja kitu. Alikuwa amedhani siku atakapomshika mmoja wao, moyo utatulia, walau kwa kiasi cha kijiko. Moyo haukutulia. Alichokiona ni jinsi ile kalamu ilivyoteleza. Haikukwama popote. Mstari mmoja, mfupi kuliko kidole, na mtu aliyekuwa anahesabu miaka sasa anahesabu miezi.

Akainama kuifunga orodha, na hapo akajikuta macho yake yanashuka yenyewe, namba saba, namba nane, namba tisa, yanatafuta. Askari aliyewahi kumpiga teke sokoni. Mwalimu mkuu aliyemnyima Asimwe uhamisho. Afisa Tarafa na shingo yake. Kalamu ilikuwa bado mkononi, imeegemea kidole vizuri kabisa, kana kwamba alizaliwa nayo.

Akaitupa mezani kama mtu aliyeshika kaa la moto. Ikabingirika, ikamfikia Kalokola, naye hakuigusa. Kisha Ishengoma akatoka mbio mbio, mzee mzima, akashuka ngazi hadi kwenye tangi namba tisa, akayazima mapanga, mkono upate kitu kingine cha kushika, na jua lilikuwa bado halijafika saa sita.